Kinyaa cha Eliaichi na Mguu wa Valentino

Pale Malindi, hii ya milima ya Usambara huku Lushoto, kuna mama mmoja anaitwa Eliaichi. Mungu alipokuwa anagawa kinyaa, watu wengine aliwapimia kwa kijiko, yeye akammiminia debe zima na debe lenyewe akamwachia. Watu wengine huona uchafu ukishafika mbele yao. Eliaichi huuona ungali kule Mlola, ng'ambo ya vilima, unajiandaa kuja.

Kikombe chake cha chai hukiosha kabla ya kunywa, hukiosha baada ya kunywa, na katikati ya kunywa hukichungulia. Msibani huenda na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa kwenye leso. Nzi wa Malindi wanamfahamu. Wakifika mlangoni kwake hufuta miguu kwanza.

Ni mzaliwa wa Upareni aliyeolewa huku milimani. Mume alishafariki, na mtoto wake mmoja, Alen, anaendesha malori Tanga. Amebaki na nyumba yake iliyofagiliwa mpaka ardhi ikaanza kung'aa, na kipande cha bonde kando ya mfereji anapolima karoti. Karoti za huku haziendi mjini na udongo wake. Gari la mzigo likikaribia, watu huzijaza kwenye viroba, hushuka nazo kwenye dimbwi la mfereji, huzikanyaga na kuzisugua majini mpaka ziachane na matope. Wengine husugua mpaka karoti iwe nyekundu. Eliaichi husugua mpaka karoti ione haya.

Kanisani kwao wanakunywa divai kwenye kikombe kimoja. Hapo sasa! Eliaichi amekaa kwenye benchi la mbele, pembe ya kulia, kwa miaka ishirini na miwili, kwa sababu kikombe huanzia kulia. Mchungaji hufuta ukingo kwa kitambaa cheupe kila mtu anapokunywa, lakini Eliaichi ameshafikiri sana juu ya kitambaa hicho, kimefuta midomo mingapi na kimepumzika lini. Siku moja Esta, mama wa kwaya, aliwahi kukaa kwenye pembe ile. Eliaichi alimkanyaga kidole, kwa upendo, mpaka akasogea.

Na kila asubuhi, mikono ikiwa imeshaoshwa, alikuwa anapiga magoti kando ya kitanda na kuomba, "Bwana, niongoze. Utakaloniambia nitalifanya." Ni sala nzuri hiyo, wala haina hatari yoyote, mradi Mungu asiitikie.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa sita, ukungu umekaa bondeni kama blanketi bichi, Eliaichi alikuwa dimbwini na viroba vitatu, anakanyaga karoti zake. Kitu laini kikamganda kwenye kidole gumba cha mguu. Akadhani ni jani. Akakivuta. Kikaja, kikazidi kuja, kitambaa kirefu kama utumbo wa ng'ombe, njano upande mmoja na kijani upande wa pili, kimegandana kwa usaha, na harufu yake ilikuwa na mikono: ilimshika mtu uso wote.

Alipiga ukelele mbuzi wa ng'ambo ya bonde wakakata kamba. Alikitupa kile kitambaa, akasugua kidole kwa mchanga, akakisugua kwa sabuni, akakisugua kwa majivu. Alifikiria hata kukikata, ila panga alikuwa ameliacha nyumbani. Kisha akaokota fimbo na kuufuata mfereji kwenda juu, kumtafuta huyo asiye na haya.

Mfereji unapita kwanza kwenye shamba la Halima, binti wa baba mdogo wa marehemu mumewe, halafu unapita chini ya mikaratusi, na pale kwenye mikaratusi kuna kibanda cha udongo. Humo anakaa mzee Valentino. Alikuja kutoka Songea akiwa kijana kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Chai ikamla mgongo, akahamia Malindi kupasua kuni za watu. Hana mke, hana mtoto, hana ndugu upande huu wa nchi. Ana shoka, redio isiyo na betri, na kopo la ugoro.

"Shikamoo!" Eliaichi alipaza sauti akiwa hatua ishirini, khanga imeziba pua. Shikamoo ya mkubwa haiachwi, hata kama umemfuata na fimbo.

"Marahaba, mama. Karibu. Ila usikaribie sana, leo nanuka."

"Leo?"

"Na jana."

"Ni wewe unayefua vitambaa kwenye mfereji wetu?"

"Ni mimi, mama. Unisamehe. Kisimani siwezi kufika. Nilijikata na shoka, wiki ya tatu sasa. Nikisimama, mguu unagoma."

Na kabla hajaambiwa asifunue, akafunua. Mguu ulikuwa umevimba kama gimbi la maonyesho ya wakulima. Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba kikapanda juu, kimefunguka kama mdomo, na ndani yake vitu vidogo vyeupe vilikuwa vinasukumana kama watu kwenye gulio. Funza. Kunguru aliyekuwa anapita juu ya kibanda alikata kona akarudi alikotoka.

Eliaichi naye alirudi alikotoka, tena mbio. Alishuka mteremko ule na miaka yake hamsini na nane bila kugusa chini, fimbo ameitupa, anameza mate na kuyatema. Alipofika kwenye daraja la magogo, neno likamjia.

Rudi ukamwoshe.

Halikuwa na ngurumo. Halikuwa hata na sauti. Lilikuwa kama pale mama yako anapokutazama tu, na wewe ukajua ni sufuria ipi hujaiosha.

Eliaichi akasimama katikati ya daraja, akanyoosha mkono juu. "Shindwa! Kwa jina la Yesu, ondoka, toka, shindwa kabisa!"

Alivyofundishwa ni kwamba Shetani akikemewa huondoka. Neno hili halikuondoka. Lilikaa pale pale, likamsubiri amalize.

Hapo hapo akajua ni nani aliyekuwa anasema naye. Hilo ndilo linalochefua katika habari yote hii, kuliko funza wenyewe: alijua. Lakini mtu akiwa hataki kusikia jambo, humtafuta mwingine wa kumsikilizia. Alirudi nyumbani, akaoga mara tatu, akachinja kuku, akampika, akamfunika kwenye hotipoti, akaenda kwa Jonas.

Jonas ni mzee wa kanisa na kiongozi wa kikundi cha maombi. Mungu alikuwa anaongea na Jonas kuliko redio inavyoongea na watu. Bwana alimwambia asishiriki kulima shamba la kanisa, kwa ajili ya goti. Bwana alimwambia bati za kanisa ziwe za kijani, na mwenye duka la bati za kijani ni shemeji yake. Katika miaka yote hiyo Bwana hakuwahi kumwambia Jonas jambo ambalo Jonas hakulitaka tangu asubuhi.

"Mama Alen," alisema Jonas akifungua hotipoti, "hiyo sauti ilisema nini hasa?"

"Ilisema nirudi nikamwoshe."

"Hm." Akavunja bawa, akalifyonza, mafuta yakamshukia kwenye masharubu, akayafuata kwa ulimi kushoto, akayafuata kulia. Eliaichi akatazama ukutani. "Wewe ni mjane. Yeye ni mwanamume. Tena si wa kanisa letu, ni Mkatoliki. Umeipima hiyo sauti?"

"Ndiyo nimekuja uipime wewe, mzee."

"Umefanya vyema. Maana siku hizi kuna sauti nyingi. Neno kubwa hivi halipimwi na tumbo lililoshiba." Akachukua paja. "Tutafunga siku tatu. Kuanzia kesho."

Akavuta Biblia yake kwa vidole vile vile, akaandika jambo kwenye karatasi ya mwisho, na ukurasa ukapata doa la mafuta unaloweza kusoma habari ya upande wa pili kupitia kwalo. Eliaichi alitaka kutapika kwa mara ya pili siku hiyo. Lakini alikuwa amepata siku tatu, akashukuru.

Ijumaa akafunga. Asubuhi alipopiga magoti, hata hajafungua mdomo: Rudi ukamwoshe. "Subiri, Bwana," akasema, "tunakuuliza." Jumamosi akafunga. Rudi ukamwoshe. Halikuongezwa wala kupunguzwa, ni lile lile, kama sahani anayoletewa mtoto asiyetaka kula. Ili hata asiione ile mikaratusi, alikwenda shambani kwa njia ya mgongoni mwa kilima, mwendo wa saa nzima kwa shamba la dakika kumi. Nyumbani alisugua sufuria mpaka moja ikatoboka. Upepo ukivuma kutoka juu, anafunga madirisha.

Jumapili ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Eliaichi alikuwa pembe yake ya kulia kabla mlinzi hajafungua mlango. Kikombe kikamjia wa kwanza, kisafi, hakijaguswa na mdomo wa mtu. Kama kawaida yake akakichungulia kwanza kama kuna mdudu. Hakukuwa na mdudu. Lakini harufu ya kile kitambaa ilipanda kutoka kwenye ile divai ikamkaa usoni, na kidole chake cha mguu, ndani ya kiatu kilichopakwa kiwi, kikaanza kuwasha. Alimeza kwa shida. Mchungaji akadhani analia kwa toba.

Baada ya ibada, kikundi cha maombi kilikusanyika pembeni mwa kanisa, kwenye kibaraza. Jonas akakohoa kidogo.

"Bwana amesema nami. Nilikuwa napiga mswaki, akasema nami. Amesema huo mfereji umeingiliwa na roho chafu. Tutakwenda kuukemea. Mama Alen ataleta kiroba kimoja cha karoti, malimbuko. Na huyo mzee ni kondoo wa zizi lingine, wenye zizi watamwona."

"Amina!" akasema Esta.

"Amina!" wakasema wote, na Amina kubwa kuliko zote ilitoka kwa Eliaichi. Alikuwa amefunguliwa! Jonas akamshika mkono kumpongeza, naye akaondoka mwepesi kama unyoya wa kifaranga.

Raha hiyo ilimchukua hatua kumi. Hatua ya kumi na moja akahisi mkononi ule mguso wa Jonas, bado upo. Mkono laini. Mkono mkavu, safi, hauna sugu hata moja. Mkono ambao haujawahi kutumwa mahali popote. Akanyanyua wa kwake autazame. Kucha zimekatwa, viganja vimesuguliwa, vyeupe kama vya mtoto wa hospitalini. Akaviweka pamoja akilini, kiganja cha Jonas na cha kwake, akashindwa kuvitofautisha.

Alitapika pale pale nyuma ya mnara wa kengele, na hakuwa na kitu tumboni, maana alikuwa amefunga.

Hakusubiri tena. Alikwenda nyumbani akachukua beseni, birika la maji ya moto, chumvi, sabuni ya mche na vitambaa vitano vya shuka alilolichana akiwa bado amevaa nguo ya kanisani. Kwenye kona ya mikaratusi akakutana na Halima anashuka, kijungu cha uji kitupu mkononi.

"Onga mshi, wifi," Halima akamsalimia kwa Kishambaa.

"Onga mshi."

"Unakwenda wapi na beseni? Unaosha karoti Jumapili? Mchungaji wako anajua?"

"Nakwenda kwa Valentino."

Halima alicheka mpaka akashika mti. "Wewe? Wewe ambaye chai yangu unaimwaga kwenye migomba nikigeuka? Nilikuona, wifi. Miaka yote nilikuona. Migomba ile imenenepa kwa chai!"

"Nicheke baadaye. Yukoje?"

Halima akaacha kucheka. "Vibaya. Tangu Ijumaa nampelekea uji. Muuguzi wa zahanati alikuja kumwona, akasema huyu ni wa Lushoto, hospitali, haraka. Nimeita bodaboda watatu, wote wamekataa. Wa kwanza alitapika ndani ya helmeti, na helmeti alikuwa ameivaa. Wamesema aoshwe kwanza ndipo wambebe. Ningemwosha mimi, lakini si unauona mkono?" Akaunyanyua, umefungwa plasta tangu alipoteleza mwezi uliopita. "Hakuna mwingine anayekubali."

Eliaichi akasimama na beseni lake. Aoshwe kwanza. Neno lile lile, na bodaboda nao walikuwa nalo.

"Halima, ni Mungu aliyekuambia umpelekee uji?"

Halima akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Wifi, mtu ana njaa. Nimsumbue Mungu kwa kumuuliza nini?"

Ndani ya kibanda, Valentino alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa joto. Harufu ilikuwa imejenga, imehamia na familia. Eliaichi alisalimia, akaitikiwa kwa taabu, akapiga magoti kwa mara ya kwanza mahali ambapo hakupafagia yeye. Akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba: "Basi haya."

Kuosha alikujua, hakuna wa kumfundisha. Karoti yenye matope magumu huiparui, unailoweka kwanza. Akauloweka mguu kwenye maji ya chumvi. Ukianza kusugua, unaanzia juu panaposhikika, unashuka, ncha unaiacha ya mwisho. Akaanzia kwenye goti. Maji yakigeuka rangi unayamwaga mbali na mfereji, unaweka mengine. Aliyabadilisha mara tisa, Halima akileta kwa mkono wake mmoja. Funza walikuwa wanaanguka kwenye beseni mmoja mmoja, na kila mmoja akianguka Eliaichi alikuwa anatoa sauti kama kinu kinachotwanga kavu. Alitoka nje mara mbili, akatapika kwa heshima nyuma ya nyumba, akarudi.

"Mama," akasema Valentino, "mimi si karoti."

"Nyamaza, mzee wangu. Karoti haziongei."

"Kwa hiyo mimi ni bora kidogo."

"Karoti hazina funza pia."

Mzee akacheka, jino moja la ugoro likaonekana, na Eliaichi akatoka kutapika mara ya tatu.

Issa wa bodaboda alipoitwa tena alikuja kunusa kama anayenusa maziwa ya jana. "Sasa ananuka mtu," akasema, akakubali. Walimpakia mshikaki: Issa mbele, Valentino katikati, Eliaichi nyuma amemkumbatia mzee kiunoni asianguke, pua yake imegota kwenye shingo isiyoogeshwa tangu masika. Kona za barabara ya Lushoto unazijua ukizipita peke yako. Yeye alizipita zote na ile shingo. Anasema alizihesabu, zilikuwa elfu mbili, na hata akiongeza chumvi, usibishane naye, hukuwepo.

Hospitalini daktari aliutazama mguu, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatingisha kichwa.

"Ameoshwa vizuri sana. Nani amemwosha?"

"Mimi."

"Umefanya kazi. Lakini kuoza kumeshapanda. Tutakata chini ya goti, ili tumwokoe yeye." Akavua glovu. "Mngemleta Alhamisi au Ijumaa, nadhani tungekata vidole viwili tu."

Eliaichi alikaa kwenye benchi la koridoni. Alhamisi. Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye daraja la magogo. Mungu hakuwa amechelewa hata dakika moja. Ijumaa alikuwa amefunga, Jumamosi alikuwa amefunga, Jumapili amesema Amina. Alikuwa amefunga kwa gharama ya mguu wa mtu. Alijinusa mikono, na ilikuwa inanuka sabuni ya mche, na hakuna harufu aliyowahi kuichukia kama ile.

Siku ya nne baada ya kukatwa, Valentino alipoweza kukaa, Eliaichi alimweleza yote. Hakuficha kitu: daraja, lile "shindwa", kuku wa Jonas, njia ya mgongoni mwa kilima. Mzee alikuwa anatazama blanketi, mahali ambapo palikuwa tambarare.

"Kwa hiyo alikutuma Alhamisi," akasema.

"Alhamisi, saa nne."

Akalinyoosha blanketi kwa kiganja, pale pale tambarare. "Wiki zile tatu nilikuwa nasema Mungu amenisahau," akasema. "Kumbe alikuwa amenikumbuka mapema. Mjumbe ndiye alikuwa anaosha vyombo."

Eliaichi alilia, akapenga kamasi kwenye leso yake safi, akaikunja, na kwa mara ya kwanza hakujali ilikunjwaje.

Walimrudisha Malindi na magongo mawili, na safari hii hakurudi mikaratusini. Akawekwa kwenye chumba cha uani kwa Halima, kwa kuwa Halima ana wajukuu ndani ya nyumba na hakuna wa kusema mjane amemweka mwanamume. Halima akawa wa chakula. Eliaichi akawa wa kidonda, kila asubuhi, na beseni lake.

Wiki ya pili Jonas akaja, amevaa koti, Biblia kwapani.

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Alen. Bwana amesema nami. Amesema tufanye ibada ya shukrani hapa hapa, kwa ushuhuda huu, na kikundi cha maombi kitajwe, maana sisi ndio tuliofunga."

Eliaichi alikuwa ameinama uani, anakunja bandeji mpya. Hakuinuka. "Amesema na mimi pia, mzee Jonas."

"Enhe! Amesema nini?"

"Amesema hili beseni umwage wewe, halafu ulisugue." Akalisukuma kwa mguu. Ndani mlikuwa na maji yaliyogeuka waridi kwa damu, bandeji ya jana, na pamba inayoelea.

Jonas akalitazama. Masharubu yakamtetemeka. "Hilo... hilo neno inabidi nilipime."

"Lipime ukiwa unasugua."

"Unajua goti langu, mama."

"Beseni husuguliwa kwa mkono."

Kutoka chumbani Valentino akauliza kwa upole kama mgeni angependa ugoro. Jonas akasema anakwenda kuomba, atarudi na jibu. Mpaka leo anaomba. Watu wa Malindi wanasema ameomba mpaka lile goti lililokuwa bovu limepona na lile zima limeanza kuuma.

Na Jumapili ya meza ya Bwana ikafika tena. Asubuhi ile kidonda kilikuwa kimetoa maji kidogo, Eliaichi akakisafisha mara mbili, na kengele ya pili ikalia akiwa bado anafunga fundo. Alifika kanisani watu wameshajipanga. Kwenye pembe yake ya kulia alikuwa amekaa Esta, vidole vya miguu amevikunja chini ya benchi kwa tahadhari. Eliaichi akampita. Nafasi iliyokuwa imebaki ni mwisho kabisa wa mstari, kushoto, na jirani yake, anayekunywa kabla yake, alikuwa Jonas.

Alikiona kikombe kinakuja. Alikiona kinapita mdomo kwa mdomo, wazee, wanakwaya, yule bibi mwenye kikohozi, na kile kitambaa cheupe kikifuta na kufuta na kufuta. Alimwona Jonas anakunywa, masharubu yanazama kwenye divai, yanaibuka yakidondosha. Akaupima kwa macho umbali wa mlango. Akatafuta moyoni kama kuna neno lingine, hata dogo, hata la kumruhusu aumwe kichwa. Hakukuwa na neno jipya. La zamani lilikuwa bado halijaisha.

Kama unadhani kinyaa kilimwisha, hukumwelewa Eliaichi. Kilikuwa pale pale, debe zima, kimemkaa kooni kama mfupa wa dagaa mkubwa kuliko dagaa wote. Mungu hakumwondolea hata kijiko. Alimwacha aende nacho.

Akafumba macho, akashika kikombe kwa mikono miwili inayonuka dawa ya kidonda, akanywa. Halafu akatoka haraka kuliko wote, si kwenda kutapika. Alikuwa ameacha bandeji jikoni kwa Halima zinachemka, na Halima huyo, usafi wake Eliaichi hauamini mpaka leo.